Mashapo

Nyuma ya jiko letu, hatua tatu kutoka bombani, kuna kipara cha ardhi chenye ukubwa wa sinia. Nyasi zimeota pande zote, zikafika ukingoni mwake, zikasimama. Ukikwangua udongo kwa kisigino unakuta tando za rangi zilizokauka: bluu, chini yake krimu, chini yake tena nyeupe iliyogeuka kijivu. Miaka saba iliyopita fundi mmoja alitupakia rangi nyumba nzima, na kila jioni aliosha brashi zake pale. Kuta zilipendeza. Tulimlipa, tukamshukuru, akaenda zake. Kuta zile zimeshachakaa, kipara kipo.

Mwaka huu tulimwita fundi mwingine, mzee aliyeshika brashi tangu ujanani na ambaye mpaka leo huja kazini na saidia fundi mmoja tu. Nyumba yetu iko Upanga, upande unaoteremkia bonde la Msimbazi. Alipokuja kukagua kazi nilimkaribisha sebuleni, lakini yeye aliomba kwanza azunguke nje. Alipofika nyuma ya jiko akachuchumaa, akachota udongo wa kile kipara, akausugua kwa vidole, akaunusa.

"Hapa waliosha brashi," akasema.

"Zamani, mzee."

Akainua macho, akauangalia mfuniko wa zege wa kisima chetu, kama mita 10 kutoka pale. "Na maji haya mnatumia?"

"Kufulia na kumwagilia. Ya kunywa tunachukua ya bomba."

Hakusema neno. Akaenda bombani, akanawa mikono kwa sabuni, ndipo akaingia ndani kuangalia milango.

Kazi ilimchukua siku sita. Nilikuwa likizo, nikapata nafasi ya kukaa karibu, na mwanzoni niliangalia kile ambacho kila mwenye nyumba huangalia: ukuta. Kuanzia siku ya pili macho yangu yalihama. Niliona kwamba kila alichokifanya ukutani kilikuwa na mwenzake pale chini, pembeni, ndani ya kopo. Na kwamba ile kazi ya pembeni ilikuwa na hatua zake, vifaa vyake na ustadi wake, ingawa hakuna mteja anayeilipia.

Ilianza kabla kopo lolote halijafunguliwa, kwa futikamba na daftari. Mlango mmoja ni mita 2 kwa sentimita 90. Pande mbili, mita za mraba 3.6. Milango minane na fremu zake, pamoja na madirisha, ikafika 35. Mikono miwili ya rangi, 70. Lita moja ya rangi ya mafuta mkononi mwake hufunika mita za mraba 12 hivi, kama mbao imepigwa msasa vizuri. Akaandika: lita 6. Galoni moja ya lita 4, makopo mawili ya lita moja moja. Nikamwambia kwamba tukinunua galoni mbili bei ya kila lita itapungua, na kitakachobaki tutakiweka akiba.

"Akiba ya rangi, mama, ni kama akiba ya maziwa," alisema. "Unaiweka, unaisahau, siku unaikumbuka imeshakuwa kitu kingine."

Tukanunua lita 6. Zile lita mbili tulizoziacha dukani hazikunisumbua tena.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuondoa rangi ya zamani kwenye fremu na nondo za madirisha. Nyumba hii ni ya miaka ya 1950. Chini ya nyeupe ya juu kulikuwa na njano, na chini ya njano, juu ya chuma chenyewe, ule wekundu wa kuelekea machungwa ambao mafundi wa enzi hizo walipaka kuzuia kutu. Fundi alichokonoa kwa ncha ya skrepa, akauona, akasimama. Akamwita kijana wake.

"Leo hakuna msasa mkavu. Hakuna moto. Lete maji."

Hana kipimo cha maabara. Ana kanuni moja tu: rangi ya kale iliyoko kwenye chuma anaihesabu kuwa ya risasi mpaka ithibitike vingine. Kwa miaka mingi madini ya risasi yalitiwa kwenye rangi kwa sababu za maana kabisa. Yalizuia kutu, yaliharakisha kukauka, yalitoa njano na nyekundu zisizopauka juani. Madhara yake hayakuwa siri. Tayari mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa rangi ndani ya majengo. Leo Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, unazihimiza nchi zisiruhusu rangi yenye risasi zaidi ya sehemu 90 kwa milioni. Lakini kiwango hicho ni cha rangi mpya iliyoko dukani. Ile ya zamani imelala dirishani, na haina neno na mtu mpaka ichokozwe. Ukiipiga msasa mkavu inakuwa vumbi, ukiichoma inakuwa moshi, na vyote viwili huingia mapafuni. Vumbi likitua sakafuni, wa kwanza kulipata ni mtoto anayetambaa, aliye na kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chochote cha risasi mwilini kilicho salama.

Kwa hiyo aliniomba watoto washinde kwa shangazi yao. Alitandaza nailoni nzito chini ya dirisha, ndani na nje, akabandika kingo zake kwa utepe ili pasiwe na upenyo. Yeye na kijana wakavaa ovaroli, glovu na barakoa zenye vichujio. Kisha kazi ikaanza, na ilikuwa na mwendo kama wa mtu anayekuna nazi bila haraka: kupulizia maji kwa chupa ya dawa ya mbu aliyoisafisha, kusubiri pumzi mbili, kukwangua kwenda chini, kupulizia tena. Pale skrepa isipofika alitumia msasa wa maji, ile karatasi nyeusi isiyolowa ikachanika. Rangi ilianguka kama tope. Niliangalia mwanga wa jua ulioingia kati ya nondo, ambamo kwa kawaida ungeona vumbi likicheza, na hewa ilikuwa tupu.

Saa saba walivua ovaroli pale pale juu ya nailoni, wakanawa mikono na uso, wakaenda kula chini ya mwembe, mbali. Jioni nilidhani watafagia. Hawakufagia. Fundi alinyanyua pembe moja ya nailoni akaikunjia ndani, kisha ya pili, ya tatu, ya nne, kama anayefunga sambusa ili nyama isimwagike, na tope lote likabaki katikati. Sambusa ile ikaingia kwenye mfuko mzito, mfuko ukaingia kwenye mwingine. Alitoa hewa polepole huku amegeuza uso, akausokota mdomo wa mfuko, akaukunja, akaufunga utepe. Kwa kalamu ya wino mzito akaandika: RANGI YA KALE, RISASI, USIFUNGUE, na tarehe. Ndipo wakapiga deki sakafu mara mbili kwa maji ya sabuni, na maji ya deki yakaenda kwenye ndoo yenye mfuniko. Mfereji wa mtaa wetu ulikuwa hatua nne tu kutoka mlangoni.

Mfereji huo naujua unakokwenda. Mvua ikinyesha, maji yake huingia Msimbazi, na Msimbazi hutoka kwenye vilima vya Pugu, ukapita katikati ya jiji na kumwaga baharini kwenye mikoko ya Daraja la Selander. Pale mtu akitupa ndoano hajui nani huku juu ameosha brashi.

Siku ya tatu rangi ya mafuta ilianza, na pamoja nayo lile somo ambalo ningeweza kulitazama mpaka kesho: kuosha brashi.

Juu ya kipande cha bati fundi alipanga makopo matatu ya maziwa, kila moja na tina ya kina cha vidole vitatu. Saidia fundi aliyapa majina: la kwanza Msingi, la pili Sekondari, la tatu Chuo. "Brashi haiendi Chuo bila kupita Msingi," aliniambia, na mzee akacheka kidogo bila kugeuka.

Lakini hata Msingi una shule ya awali. Fundi hakuitia brashi kwenye tina ikiwa na rangi. Kwanza aliiburuza kwenye ukingo wa kopo la rangi, upande huu na upande ule, mpaka ikaacha kudondosha. Kisha akatumia mgongo wa kisu cha pati, kuanzia kwenye shingo ya bati kushuka hadi kwenye ncha, na rangi iliyokamuliwa ikarudi koponi, karibu kijiko kizima cha mezani. Kisha gazeti. Alipaka gazeti mistari mirefu, ya kwanza minene, iliyofuata myembamba, ya mwisho ikawa kama mwandiko wa wino unaoisha. Hapo ndipo brashi ilipoandikishwa Msingi.

Aliikandamiza kwenye kitako cha kopo, akaiinamisha huku na huku ili tina ipande hadi shingoni, mahali ambapo rangi hujificha na kuua brashi kwa ndani. Akaitoa, akaiweka kati ya viganja viwili ndani ya ndoo tupu, akaizungusha haraka kama anayepekecha moto kwa kijiti. Matone yote yakaishia kwenye kuta za ndoo. Sekondari, hivyo hivyo. Chuo, hivyo hivyo, ila kule tina ilibaki karibu kama maji. Mwisho sabuni ya kipande kiganjani, maji kidogo, povu jeupe, kitana cha zamani kunyoosha manyoya, na karatasi ya kaki ya kuifunga isipoteze umbo. Brashi yake ya inchi tatu, aliniambia, ina miaka kumi na moja.

Hesabu yake nilielewa siku ya nne. Kopo la Msingi lilipokuwa zito, halikumwagwa. Tina yake ilienda kwenye chupa. Ya Sekondari ikawa Msingi, ya Chuo ikawa Sekondari, na kidogo mpya ikatiwa Chuo. Tina hushuka madaraja jinsi brashi inavyoyapanda. Kwa njia hiyo siku tatu za rangi ya mafuta, brashi nne na mafundi wawili, zilitumia lita moja na nusu. Nimeona mtu akitumia kiasi hicho jioni moja, na yote ikanywewa na ardhi.

Chupa yenyewe ilikuwa ya kioo, pana, ya lita 3, iliyowahi kuwa ya achari. Alitaka kioo kwa sababu tina hulainisha baadhi ya plastiki, na kwa sababu alitaka kuona. Alibandua karatasi ya achari yote, hata gundi, asije mtu akadanganyika, akabandika ya kwake: TINA CHAFU, SUMU, tarehe. Tukaiweka kwenye stoo ya nje yenye matundu ya hewa, mbali na mtungi wa gesi, juu ya rafu ambayo mtoto haifikii, na ufunguo nikabaki nao.

"Sasa ni kazi yako, mama," alisema. "Kazi yenyewe ni kutoitikisa."

Kuta zilipakwa rangi ya maji, na watu wengi hudhani kwamba rangi ya maji, kwa kuwa inaoshwa kwa maji, haina taka. Fundi huosha rola kana kwamba bado lina kitu cha kudaiwa. Alilikwangua kwa kipande cha bomba la plastiki alichokikata kwa urefu, likazunguka ndani yake kama muwa kwenye kinu, na rangi iliyotoka ilijaza kikombe cha chai. Kikombe hicho kikarudi kwenye ndoo ya rangi. Kisha rola likaoshwa ndani ya ndoo mbili, moja baada ya nyingine, bomba likiwa limefungwa.

Jioni ya siku ya tano tulikuwa na lita 15 hivi za maji meupe kama tui jepesi. Fundi akamtuma kijana dukani akalete shabu. Nilishangaa. Shabu niliijua kwa mama yangu, aliyekuwa akiitia kwenye mtungi wa maji ya mtoni ili tope lizame. Mzee aliitwanga ikawa unga, akaikoroga kwenye maji ya vuguvugu, akaimimina kwenye ndoo kidogo kidogo huku akikoroga upande mmoja kwa ubao mwembamba, kwanza upesi, kisha taratibu sana, karibu asimame.

Kwa dakika chache hakukuwa na kitu. Halafu yale maji yakakatika, kama yanavyokatika maziwa yaliyotiwa limau. Vipande vidogo vikajitokeza, vikashikana, vikawa kama theluji inayoanguka ndani ya ndoo. Chembe za rangi hukaa zikielea kwa sababu zinasukumana. Shabu huziondolea ule ubishi, zikakumbatiana, zikawa nzito, zikazama. Asubuhi tope lilikuwa chini, vidole vinne, na juu yake maji yaliyoonyesha kitako cha kikombe nilichokizamisha.

"Safi kwa macho," fundi akanionya, "sio kwa kinywa." Alichota yale maji ya juu kwa kikombe, bila kugusa tope, akayahifadhi: ndiyo yangekuwa maji ya kuoshea rola mara ya kwanza siku hiyo. Tope alilimimina juu ya kitambaa kilichotandikwa kwenye boksi la mchanga. Kufikia jioni lilikuwa keki ngumu iliyopasuka pasuka kama udongo wa kiangazi. Maji yaliyobaki siku ya mwisho yaliwekwa kwenye beseni pana juani, yakaenda hewani.

Mlango wa mbele haukupakwa rangi. Ni wa mninga, na fundi aliuchukulia kama mgeni wa heshima: msasa laini, kitambaa, kisha mafuta ya linsidi, yale yanayokamuliwa kutoka mbegu za kitani, akiyasugua kwa matambara kufuata nyuzi za mbao mpaka mlango ukatoa wekundu wake wa asali. Mlango ulikuwa mzuri. Lakini mimi nilikuwa nimeshazoea kuangalia pembeni, na pembeni kijana alikuwa akiyaanika matambara kwenye waya wa uzio, moja moja, yamenyooshwa, hakuna lililogusa lingine. Yalikuwa kumi na moja. Aliyahesabu asubuhi alipoyatoa, akayahesabu tena jioni.

Linsidi haikauki kama maji. Hukauka kwa kuvuta oksijeni, na kila inapoivuta hutoa joto. Tambara likinyooshwa, joto huondoka na upepo. Yakirundikwa pembeni, kama tunavyorundika nguo chafu, joto halina pa kwenda; hupanda lenyewe, bila kiberiti, mpaka rundo likawaka usiku watu wamelala. Nilimsimulia fundi habari ya jengo la One Meridian Plaza huko Philadelphia, Marekani, lenye ghorofa 38. Jioni ya tarehe 23 Februari 1991 moto ulianzia ghorofa ya 22, kwenye matambara yenye linsidi yaliyoachwa na watu waliokuwa wakikarabati kazi ya mbao. Uliwaka kwa zaidi ya saa 18, zimamoto watatu wakafa, na ulisimama ghorofa ya 30, mahali ambapo palikuwa na mabomba ya kunyunyizia maji.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Walikuwa wameyakunja?"

Siku ya tatu ya kuanikwa, matambara yalikuwa magumu kama ng'onda. Hata hivyo hakuyatupa makavu. Aliyazamisha kwenye debe la maji, akafunika, akaandika.

Makopo matupu yalikuwa na safari yao. Ndoo ya rangi ya maji ya lita 20, iliyokwanguliwa na kuoshwa, ikaenda kwa mwashi wa jirani kubebea mota, na fundi akachora msalaba kwa skrepa kwenye mfuniko na ubavuni, alama ambayo mwashi yule anaijua: isirudi nyumbani kubeba maji ya kunywa. Makopo ya rangi ya mafuta aliyaacha wazi kivulini mpaka utando wa ndani ukakauka, kisha akauchuna kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Kopo la tina halina utando, lina harufu. Hilo alilipiga misumari minne kitakoni. "Kopo zima litapata mtu wa kulitilia mafuta ya kula," alisema. "Lenye matundu litapata mtu wa chuma chakavu." Na hata siku moja sikumwona akiweka tina kwenye chupa ya maji ya dukani, kama wengi wanavyofanya, mpaka mtoto mwenye kiu anakuja kuifungua.

Siku ya sita walifunga vitu vyao. Nilimlipa. Akaniaga, akaniambia atarudi baada ya siku tisa kuchukua chupa.

Siku hizo tisa nilikwenda stoo kila asubuhi, kama mtu mwenye kuku anayelalia mayai. Siku ya kwanza chupa ilikuwa na rangi moja, kijivu cha maziwa na chai. Siku ya pili nikaona mstari mwembamba juu kabisa, kama unene wa kucha, wenye mwanga. Siku ya nne mwanga umeshuka vidole viwili. Rangi nyeupe imetengenezwa kwa madini mazito. Tina ni nyepesi kuliko maji. Vikiachwa pamoja kwa utulivu, kila kimoja hurudi kwake. Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna gharama. Kinachotakiwa ni kutokuwa na haraka, na ndicho kitu ambacho saiti nyingi hazina, kwa sababu mwenye nyumba anataka kuhamia na fundi ana kazi nyingine Mbagala kesho alfajiri. Siku ya saba nilitamani kuinyanyua nione kitako. Nikakumbuka, nikafunga mlango.

Mzee alikuja peke yake. Aliichukua chupa kwa mikono miwili, akatembea nayo kama anayebeba taa iliyowashwa, akaiweka ukingoni mwa meza uani. Akatulia kidogo, chupa nayo itulie. Kopo safi la chuma likawekwa kwenye kiti cha chini, na kitambaa cha pamba kikafungwa mdomoni mwake. Kisha akaiinamisha chupa. Aliinamisha polepole mpaka nikadhani amesita; tina ikafika mdomoni, ikatoka uzi mmoja mwembamba usiokatika, na mkono wake ukawa unashuka kadiri kina kilivyopungua, bila kutikisika, kama anayemimina tui akiyaacha machicha nyuma. Hakusema, wala mimi sikusema. Mashapo yalipoanza kuinua kichwa, uzi ule ulikoma kabla tone la kijivu halijavuka mdomo.

Alipima kwa kijiti: katika ile lita moja na nusu, zaidi ya lita moja ilikuwa imerudi. Ingekuwa Msingi wa nyumba inayofuata. Mashapo aliyakwangua kwa kijiko cha mbao kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunga mfuniko kwa kuugonga kwa kiganja.

Nikamuuliza kinachofuata. Karakana anayotumia na mafundi wenzake watatu ina pipa la chuma lenye mfuniko, kwenye sakafu ya zege, chini ya paa. Humo huingia makopo ya mashapo; mifuko ya risasi ina pipa lake. Yakijaa, wanachanga na kumwita mkusanyaji mwenye kibali, kwa sababu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 taka hatarishi hazibebwi na kila mwenye mkokoteni. Huchukua miezi pipa kujaa, na mchango huuma. Njia nyepesi ipo: kutia kila kitu kwenye gunia la taka za nyumbani, gari la taka lipite, mzigo uende Pugu Kinyamwezi. "Kule," alisema, "kuna kina mama wanachambua chupa kwa mikono mitupu. Gunia langu litafunguliwa na mmoja wao."

Alinyanyua lile kopo la mashapo akaniwekea kiganjani nione uzito. Milango minane na madirisha yote ya nyumba yetu, mikono miwili ya rangi, brashi nne zilizooshwa jioni tatu: kilichobaki kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia, na vidole vyangu vilikizunguka chote.

Alipokwenda bombani kunawa, alipita pale kwenye kipara. Alisimama, akakiangalia, kisha akarudi kwenye mfuko wake wa vifaa akachukua koleo dogo. Akaniuliza kama nina mfuko mzito, miwili.